Anti, umepigwa na nini?

Kuna kijana mmoja pale banda la gemu la mtaani kwetu anatumia Bryan. Wanaocheza Tekken, ile gemu ya kupigana mtu na mtu, wanamjua Bryan, yule jamaa wa nywele nyeupe mwenye kicheko cha kutisha, yupo tangu Tekken 3. Basi huyu kijana alinipiga mtama mmoja, ule ule, mara nne kwenye raundi moja. Mi nimesimama zangu nimeshika nyuma kwenye pedi, maana nilishaambiwa ukishika nyuma unabloku, na kila nikishika nyuma naona miguu yangu inafagiliwa, nadundwa, naanguka, naamka, nashika nyuma tena, mtama tena. Damu yote kwisha. Watoto nyuma yangu wanapiga kelele, mimi nimekaa na pedi mkononi na kitu kinanikaba hapa kooni, maana nilikuwa na miezi mitatu nacheza kila jioni na nilikuwa nafungwa vile vile kama siku ya kwanza.

Mi ni fundi cherehani, nina miaka 33, fremu yangu iko Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12, ukuta kwa ukuta na hilo banda. Ilianza kwa kwenda kumfuata mpwa wangu, nikatumwa na mama yake, nikafika nikakuta amesimama tu anaangalia wenzake wanapigana kwenye skrini, na mimi nikasimama. Nilisimama nusu saa. Wengi pale wanacheza FIFA (jina lenyewe limeshabadilishwa tangu 2023 lakini Tanga nzima bado ni FIFA na itaendelea kuwa FIFA), ila kwenye kona kulikuwa na TV moja ya Tekken 7 na wale wawili waliokuwa wanacheza walikuwa hawaongei, wanasogea mbele, wanarudi nyuma, mbele, nyuma, hakuna aliyepiga, afu ghafla ngumi moja na mambo yameisha. Nikaona ni kitu kizuri sana. Nilikumbuka utotoni kwa binamu yangu, PlayStation ya kwanza, Tekken 3, mi nachagua Eddy yule Mbrazili wa kapoera nabonyeza vitufe viwili vya mateke tu na nashinda watoto wote wa nyumba ile. Kwaiyo nikajiambia hiki kitu nakijua. Nikatoa mia tano.

Sasa nataka niandike kuhusu ushauri, maana ndo kitu nilichokitafuta kuliko chochote na ndo kilichonichelewesha.

Kila niliyemuona anajua nilimuuliza swali moja: nifanyeje niwe mkali? Na watu walinijibu kwa moyo mweupe kabisa, sina lawama kwa yeyote. Wa kwanza akasema anti cheza sana. Nikacheza sana. Nikifunga kazi saa kumi na mbili naingia bandani, natoka saa mbili usiku. Kumbe kucheza sana bila kujua unafanya nini ni kama kushona mshono uliopinda mara mia, mkono unazoea kupinda, siku unataka kuunyoosha mkono unakataa. Mimi vidole vyangu vilizoea kubonyeza kila ninapoogopa. Mtu akinisogelea nabonyeza, nikianguka nabonyeza, nikiamka nabonyeza.

Wa pili akasema shida siyo wewe, shida ni mtu unayemtumia, badilisha. Nilikuwa na Asuka, yule binti wa Osaka. Nikahamia Paul, nikahamia Law, nikahamia Lili, wiki moja watu wanne, na kila mtu mpya ana mapigo yake mia na zaidi, kwaiyo kila Jumatatu nilikuwa naanza shule upya.

Wa tatu, na huu ndo ushauri wanaopewa wageni wengi nadhani dunia nzima, akasema jifunze kombo. Hapa nitakaa kidogo maana kombo ni tamu na inadanganya. Kombo ni yale mapigo yanayofuatana, ukishampiga mtu la kwanza hawezi kujitetea mpaka umalize. Kilichonishangaza niliposoma ni kwamba mwanzoni hazikupangwa. Kwenye Street Fighter II ya mwaka 1991 watengenezaji wenyewe walikuja kugundua wakati wa kuikagua kwamba mapigo mengine yanaweza kuunganishwa, wakaiona ngumu kuitumia, wakaiacha humo humo, na leo ndo uti wa mgongo wa hizi gemu zote. Mi nikajifunza kombo moja ya Asuka wiki mbili. Mwenye banda ni muungwana, akaniruhusu niwe nakuja saa tatu asubuhi kabla wateja hawajajaa, mia tano nusu saa, nakaa kwenye sehemu ya mazoezi napiga kile kidude kilichosimama tu. Ikakubali. Nikawa naipiga macho yamefumbwa. Jioni nikaingia kwa watu, sikuipiga hata mara moja, kwa sababu kombo inaanza na pigo la kwanza kumpata mtu, na mimi la kwanza lilikuwa halimpati mtu yeyote. Kile kidude cha asubuhi kilikuwa kinanisubiri. Watu hawasubiri.

Sasa kilichonifungua macho hakikutoka bandani, kilitoka kwenye fremu yangu mwenyewe.

Nina binti mmoja namfundisha kushona. Siku hiyo nakumbuka umeme ulikuwa umekatika, tumekaa tunafumua nguo ya mteja kwa mkono, akaniuliza, dada, nifanyeje niwe fundi mzuri kama wewe? Nikamjibu, shona sana. Nikajisikia nimesema. Aisee nilinyamaza. Ni yale yale niliyokuwa naambiwa ukuta wa pili. Na nilijua kabisa halimsaidii, ila swali lenyewe lilikuwa kubwa kiasi kwamba sikuwa na jibu jingine, ningeanzia wapi, miaka kumi na mbili ya kazi naimimina vipi kwa dakika moja. Kesho yake akaja na blauzi aliyoikata mwenyewe, akasema dada hii kwapa inavuta, mkono ukiinuliwa nguo yote inapanda juu. Nikaigeuza ndani nje, nikaona. Kwapa limekatwa chini mno. Nikamwonyesha kwa chaki, dakika tatu, akaelewa, na sidhani kama atalirudia maisha yake yote.

Jioni ile sikucheza. Nikaenda moja kwa moja kwa yule kijana wa Bryan, alikuwa anakula mihogo nje ya banda, nikamwambia, mdogo wangu, ule mtama wako wa chini, ule unaonipigaga kila siku, nauzuiaje?

Akaniangalia. "Upi, anti? Huu?" Akaiga kwa mguu wake pale pale kwenye vumbi.

"Huo huo."

"Kumbe ndo huo tu! Njoo nikuonyeshe, ule mbona mwepesi."

Miezi mitatu, jamani. Alikuwa anajua na angeniambia siku yoyote ningeuliza.

Nitaeleza alichonionyesha kwa sababu yupo mtu atasoma hapa na yeye anapigwa mtama huo. Kwenye Tekken mapigo yako ya aina tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Ukisimama umeshika nyuma unazuia ya juu na ya kati. Ya chini hayazuiliki ukiwa umesimama, lazima uchuchumae, yani chini na nyuma kwa pamoja. Ukichuchumaa unazuia ya chini na ya juu yanapita hewani, ila ya kati yanakupata kichwani. Kwaiyo hakuna mahali pa kujificha moja kwa moja, muda wote unachagua. Mi nilikuwa najua nusu tu ya hiyo, nikawa nasimama kama nguzo. Yule kijana akaweka Bryan wa kompyuta, akamrekodi anapiga ule mtama mara moja moja, akasema anti usibonyeze kitu, angalia tu. Niliangalia kama mara ishirini. Akasema unaona anavyojizungusha kabla mguu haujaja? Nikaona. Ni pigo la polepole lile, linachukua karibu nusu sekunde mpaka likufikie, ndo maana likipata linaumiza. Kuanzia ile ya ishirini na kidogo nikawa nachuchumaa. Na ukishalizuia Bryan anabaki wazi muda mrefu sana, unasimama kwa raha zako unampa ngumi ya kumrusha juu, na hapo ile kombo yangu ya wiki mbili ndo ikapata kazi yake ya kwanza.

Kesho yake akanipiga mtama mara mbili, nikazuia mara mbili. Hakupiga tena jioni ile. Kwenye mechi nilifungwa bado, lakini alinifunga kwa kitu kingine, na mimi nikarudi nyumbani nina swali jipya.

Tangu hapo nina daftari, la mistari, lile lile ninaloandikia vipimo vya wateja, nyuma kabisa. Kila siku naandika kitu kimoja kilichonipiga zaidi. Kimoja tu. Siandiki nimefungwa ngapi.

Kurasa za kwanza zote ni kitu kimoja kwa sura tofauti: nilibonyeza wakati siyo zamu yangu. Hili lilinichukua muda kulielewa mpaka nilipofundishwa fremu. Siyo fremu ya duka, fremu za picha. Gemu hizi zinakwenda picha 60 kwa sekunde moja, kila picha wanaiita fremu, na kila pigo linahesabiwa kwa fremu: linachukua ngapi kutoka, na likizuiwa mpigaji anachelewa ngapi kurudi sawa. Mi nililielewa kwa njia ya deni. Ukipiga pigo zito mwenzio akalizuia, una deni. Ngumi ya haraka kabisa ya watu wengi kwenye Tekken, ile ya kushoto ya kawaida, jebu, inatoka kwa fremu 10. Kwaiyo mtu akiwa na deni la fremu 10 na kuendelea mbele yako, na ngumi yako inamfikia, jebu yako inampata na hana la kufanya, hata awe bingwa wa dunia, ni hesabu. Akiwa na deni dogo, hajapigwa bado lakini zamu ni yako, akibonyeza atachelewa. Na mimi nilikuwa napiga pigo zito, linazuiwa, nina deni kubwa, afu nabonyeza tena! Kila siku. Nilidhani wenzangu wana mikono ya haraka kuliko mimi. Hapana. Walikuwa wananisubiri kwenye deni.

Na hapa kuna jambo lingine nataka kila anayeanza alijue mapema maana lilinitoa mzigo mkubwa. Nilikuwa naamini mimi ni mzito, nimeshakua mtu mzima, macho yangu yamechoka na uzi na sindano, siwezi kushindana na watoto wa miaka 16. Sasa piga hesabu. Fremu 10 ni kama moja ya sita ya sekunde. Binadamu wa kawaida, akiona kitu na kukijibu kwa mkono, anahitaji robo sekunde hivi, wepesi sana moja ya tano. Yani fremu 12 mpaka 15. Maana yake hakuna mtu, awe na miaka 16 au 60, anayeiona jebu ikija na kuizuia kwa kuiona. Haiwezekani. Wanaoizuia walikuwa wameshazuia kabla, kwa sababu walijua saa hiyo ndo itakuja.

Wapenzi wa gemu hizi wote wanaijua mechi ya mwaka 2004, Marekani, kule Kalifonia, kwenye mashindano ya Evo, Street Fighter III, Daigo Umehara wa Japani na Justin Wong wa Marekani. Daigo anatumia Ken na amebakiwa na damu kiduchu kabisa, hata akizuia kwa kawaida ile damu kidogo inayokatwa ukizuia ingemmaliza. Justin, yeye anatumia Chun-Li, akaachia mateke 15 mfululizo. Kwenye gemu hiyo kuna njia ya kulipangua pigo bila kupoteza damu, unasukuma mbele pale pale linapofika, kila teke na wakati wake. Daigo akapangua yote 15 na kummaliza yeye. Nimeitazama YouTube sijui mara ngapi, ukumbi unapasuka kwa kelele. Lakini walioichambua wanasema lile teke la kwanza kabisa huwezi kulipangua kwa kulisubiri ulione, lazima uwe umeshaamua. Kwaiyo Daigo alikuwa anamsoma Justin, alijua mwenzie anataka kumaliza kwa hilo. Macho yake yalikuwa kwa mtu.

Hii niliisikia kwanza kwa baba yangu na wala hajui gemu ni nini. Baba ni mtu wa bao, bao la kiswahili hili la mashimo 32 na kete 64, kila alasiri yupo chini ya mwembe na wazee wenzie. Siku moja nilimpelekea chakula, nikakaa kumsubiri amalize, nikamuuliza, baba, unakumbukaje kete zote hizo? Akasema mwanangu, kete zangu nazijua, sina haja ya kuzitazama. Namtazama huyu. Akadondosha mkono haraka najua alishaamua tangu jana, akachelewa kwenye shimo moja najua hapo pana kitu anakipenda au anakiogopa. Yule mzee mwenzie akacheka akasema na ndo maana mie napenda kuvuta kamasi nikifika hapo, nimchanganye. Nikarudi dukani nikijua nina kosa la pili kwenye daftari: mimi kwenye skrini nilikuwa namwangalia Asuka. Namwangalia mtu wangu, mzuri, nguo zake, mapigo yake yanavyotoka. Tangu siku hiyo nalazimisha macho yangu yakae upande wa pili, na ni kazi ngumu, jaribu uone, macho yanarudi yenyewe.

Ukishaanza kumwangalia mwenzio unaona kwamba watu wana tabia. Kuna mmoja pale akizuiwa mara mbili anakamata, kila mara, na yeye anatumia King, yule mwenye kichwa cha chui, kwaiyo kukamatwa na King ni balaa. Kukamatwa kunatolewa: ukikamatwa una muda mfupi wa kubonyeza ujinasue, yale ya kawaida kwenye Tekken 7 ngumi yoyote inakutoa, ya kushoto au ya kulia. Yale makali unaangalia mkono gani umetangulia, wa kushoto unabonyeza kushoto, wa kulia kulia, ikitangulia yote miwili unabonyeza zote mbili. Nikiri bado hili silimudu, mikono inakuja macho yanachelewa. Ila kwa yule bwana sihitaji mikono yake, nimeshajua anakamata baada ya kuzuiwa mara mbili, na kukamata kwingi ni kwa juu, nachuchumaa tu anashika hewa.

Asuka nimerudi kwake na sitoki. Namtumia kwa mapigo nane. Jebu, moja la kati la haraka, moja la chini la kukera, la kumrusha mtu juu, la kuinukia nikiwa chini, la kumkomesha anayenizunguka pembeni, kukamata kwa kawaida, na moja zito la kumalizia. Ana na ule ujanja wa kuudaka mkono wa mtu anapopiga na kumgeuzia, ni mtamu ukikubali, ila yule kijana wa Bryan alinikataza mwezi mzima nisiuguse, akasema anti utaugeuza bahati nasibu. Yuko sahihi. Hayo mengine mia yapo, nitayafikia.

Na TV. Hili watu hawalisemi kabisa na mabanda mengi yana shida hiyo. TV nyingi za siku hizi zinaipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba kunachelewesha, umebonyeza sasa hivi ila unaona baadaye kidogo. Kwenye mpira husikii sana, kwenye ngumi unasikia. Kwenye mipangilio ya picha kuna sehemu ya gemu, mwambie mwenye banda aiwashe. Kwetu aliiwasha na kila mtu akasema leo pedi imekuwa nyepesi.

Za kupigana na kompyuta, zile za hadithi, nimegusa moja tu, God of War ya 2018, kwa sababu mwenye banda anaikodisha kwa saa na mpwa wangu alikwama kwa Sigrun. Sigrun ni malkia wa wale wanawake wenye mabawa, wako tisa na yeye ndo wa mwisho, na aliyekutana naye anajua. Mpwa wangu alikuwa amekufa jioni nzima anakaribia kulia. Nikamwambia weka pedi chini, niambie, saa hizi umekufa kwa pigo gani? Hajui. Basi tukakubaliana afe mara tano bila kupiga, akwepe tu na aangalie. Zile gemu ni rahisi upande huo, adui hana hila, ana mapigo yake yale yale na gemu yenyewe inakupa ishara, duara ya njano ujue usizuie tu kizembe utavunjwa ngao, nyekundu ujue haizuiliki kabisa ruka pembeni. Alikuwa anaziona rangi miezi yote lakini hakuwahi kuuliza ni za nini. Siku ya tatu akamtoa. Alinikumbatia mbele ya wenzie, mtoto wa kiume wa miaka 15, hilo sitalisahau.

Najua wapo watakaosema Tanga tutajifunzia wapi, intaneti yenyewe ya kucheza na watu wa mbali inakatika katika, mashindano hatuna, PlayStation mpya hatuna, Tekken 8 imetoka Januari 2024 na haiingii kwenye PS4 zetu. Ni kweli na inaniuma. Lakini mwaka 2019 alitokea kijana wa Lahore, Pakistani, Arslan Ash, akashinda Evo ya Japani mwezi wa pili, na mwezi wa nane akashinda na ile ya Las Vegas, Tekken 7 hii hii. Wakubwa wa Tekken walikuwa Wakorea na Wajapani, Pakistani haikuwa midomoni mwa mtu. Na akasema kwao wako wengine wakali kama yeye. Mkorea mmoja anaitwa Knee, mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea, akafunga safari mpaka Pakistani kucheza nao akaone mwenyewe. Wale vijana walikulia kwenye mabanda, wanacheza bega kwa bega, ukifungwa unageuka unamuuliza aliyekufunga. Hicho kitu Ngamiani tunacho. Ngumi zenyewe halisi Tanga tunazijua, Hassan Mwakinyo ni wa hapa hapa, 2018 alikwenda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili kwao, na pale bandani bado wanaisimulia kwa mikono utadhani ni jana. Nani kasema hatuwezi kuzijua ngumi za kwenye skrini.

Ila tupunguze kidogo ile tabia ya kuficha. Wapo wachache bandani wakiona umeuliza wanakuambia ni siri. Mi nilikuwa naogopa kuuliza kwa hilo, na pia kwa sababu ni mwanamke mtu mzima katikati ya watoto, mwanzoni kila nikiingia naulizwa anti unamtafuta nani. Sasa hivi wananipa kiti. Na nimeona kwamba ukimuuliza mtu jambo dogo lenye mipaka yake, karibu kila mtu anafurahi kukuonyesha, hata yule wa siri, maana umemwonyesha kwamba ulikuwa unamwangalia.

Kwaiyo na mimi nauliza. Ukurasa wa juzi kwenye daftari umeandikwa Hwoarang, yule mtu wa mateke wa Tekken. Kuna kijana wa Makorora ameanza kuja Jumamosi, mguu tu mwanzo mwisho. Namzuia mateke matatu manne vizuri, afu anabaki amesimama mguu mmoja, ule mwingine ameukunja juu kama heroe, na hapo ndo nafia. Nikipiga jebu ananipata. Nikisubiri anaendelea. Nimemrekodi kwenye mazoezi asubuhi, nimeona kwamba teke lake moja linalofuata hapo ni la juu, lingenipita nikichuchumaa, ila nikichuchumaa mapema anabadilisha anashusha la kati. Ninachotaka kujua ni hiki: akishaukunja ule mguu, zamu ni ya nani? Ana deni au hana? Na kama hana, ni bora nirudi nyuma au nimzunguke upande wa mguu gani? Anayemtumia Hwoarang aniambie, nipo dukani kila siku mpaka saa kumi na mbili, baada ya hapo nipo ukuta wa pili, na huyo kijana anakuja keshokutwa.